Nia Nyuma ya Lenzi: Kamera ya Fokasi Otomatiki na Swali la Nani Anayetazama

Minolta 7000, iliyotolewa na kampuni ya Kijapani mwaka 1985, ni kamera ya filamu ya milimita 35, ya aina ya SLR, yaani ile ambayo mpiga picha huona kupitia lenzi ileile itakayopiga picha. Ndiyo kamera ya kwanza ya aina hiyo kufanikiwa sokoni ikiwa na mota ya fokasi ndani ya mwili wake. Mpiga picha huielekeza, hubonyeza kitufe nusu, lenzi huzunguka yenyewe, na taa ndogo ya kijani huwaka kwenye kitundu cha kutazamia. Kazi ambayo kwa karibu karne moja na nusu ilikuwa ya jicho na vidole huisha kabla mtu hajavuta pumzi ya pili.

Wengi waliipokea kamera hiyo kama nafuu, na kweli ilikuwa nafuu. Lakini ilifufua swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili tangu zamani bila kuwa na kamera mbele yao: tendo ni la nani pale sehemu yake inapofanywa na kitu kingine? Kupiga picha ni kutazama kunakoacha alama. Kama sehemu ya kutazama imekabidhiwa chombo, inafaa kuuliza ni sehemu ipi iliyokabidhiwa, na kama iliyobaki inatosha kumfanya mtu aseme kwa haki kwamba picha ile ni yake.

Jibu linaanzia kwenye kazi yenyewe ya kuweka fokasi. Katika kamera za SLR za zamani, nuru iliyopita kwenye lenzi iligonga kioo kilichoinama nyuzi 45, ikapanda hadi kwenye kioo cha ukungu, ikageuzwa na prisma na kufika jichoni. Mtu alizungusha pete ya lenzi huku akitazama. Mara nyingi katikati ya kioo cha ukungu palikuwa na duara dogo lililoikata taswira vipande viwili; nguzo ya mlango iliyovunjika ikinyooka, fokasi imefika. Mkono ulikuwa ukijibu swali ambalo jicho limeshauliza. Wala haikuwezekana kuanza kuzungusha pete bila kwanza kuamua ni kitu gani kinachotazamwa.

Hapa ndipo fokasi inapotofautiana na mambo mengine yote ambayo kamera ilikuwa imeshajifunza kuyafanya. Kipimo cha mwanga kilikuwa kimeingia katika kamera miaka mingi kabla, na mwaka 1978 Canon A-1 iliweza kuchagua yenyewe kasi ya shata pamoja na ukubwa wa tundu la lenzi. Mwanga, hata hivyo, unaweza kupimwa kwa jumla. Chombo kinakusanya nuru ya uwanja mzima, kinatafuta wastani, na mara nyingi wastani huo unafaa bila kujali kama mbele yake kuna bibi harusi au lundo la matofali. Fokasi haina wastani. Lenzi ikiwekwa katikati ya mtu aliye karibu na mti ulio mbali, mtu na mti wote wanaweza kufifia, na kitakachokuwa wazi ni hewa iliyo baina yao. Fokasi daima ni ya kitu fulani, kwenye umbali fulani, kwa gharama ya vingine. Kwa hiyo kuifanya iwe otomatiki kulikuwa jambo zito zaidi kifalsafa kuliko kuufanya mwanga uwe otomatiki, ingawa matangazo ya biashara yaliyaweka yote mawili katika kapu moja la urahisi.

Njia ya kufika huko haikuwa fupi. Leica ilionyesha vielelezo vya fokasi otomatiki katika maonyesho ya Photokina mwaka 1976, lakini haikuviingiza sokoni. Mwaka 1977 Konica ilitoa C35 AF, kamera ndogo isiyo ya SLR, iliyotumia kifaa kilichobuniwa na kampuni ya Honeywell ya Marekani. Mwaka uliofuata Polaroid ilitoa kamera iliyopima umbali kwa mawimbi ya sauti. Pentax ME F ya 1981 ilikuwa SLR ya kwanza ya milimita 35 kuuzwa ikiwa na fokasi otomatiki, lakini mota yake ilikuwa ndani ya lenzi moja nzito, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu. Minolta ilihamishia mota kwenye mwili wa kamera, ikaweka chipu ndani ya kila lenzi ili lenzi na mwili vizungumze, na ikakubali gharama kubwa ya kuacha mfumo wake wa zamani wa kuunganisha lenzi. Honeywell nayo ilidai kwamba hataza zake zimevunjwa. Mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama nchini Marekani liliipa haki, na Minolta ikalipa zaidi ya dola milioni 120. Kiasi hicho kinaonyesha jinsi umbali kati ya lenzi na kitu ulivyokuwa na thamani kwa wenye viwanda.

Ndani ya kamera, mambo hutendeka hivi. Kioo kikuu hakizuii nuru kote. Katikati yake kinapitisha sehemu ya nuru. Nuru hiyo hugonga kioo kidogo kilicho nyuma, ambacho huielekeza chini kwenye sakafu ya kamera. Hapo vilenzi viwili vidogo huigawa nuru iliyotoka pande mbili za lenzi kuu na kutengeneza taswira mbili juu ya mstari wa vihisi. Kompyuta ndogo hulinganisha taswira hizo. Zikiwa karibu mno, fokasi imeangukia upande mmoja. Zikiwa mbali mno, imeangukia upande wa pili. Na ukubwa wa tofauti huonyesha mota izunguke kiasi gani. Ni kazi ileile ya duara lililokata nguzo ya mlango vipande viwili, isipokuwa sasa anayevilinganisha vipande ni saketi.

Kulinganisha huko kunahitaji kitu cha kulinganishwa. Mbele ya ukuta mweupe usio na doa, taswira mbili ni sawa popote lenzi iwepo, na lenzi huenda mbele na kurudi bila kutulia. Vihisi vya Minolta 7000 vilipangwa kwa mlalo. Kwa hiyo vilisoma vizuri mistari iliyosimama, na vilishindwa na mistari iliyolala, kama ya pazia la mbao dirishani. Mpiga picha aliyejua hilo aliigeuza kamera wima, akapata fokasi, kisha akairudisha. Canon EOS-1 ya 1989 ilipunguza tatizo kwa vihisi vilivyopangwa kwa umbo la msalaba katikati. Kushindwa huku kunafundisha jambo ambalo kufaulu hukuficha. Kamera haimwoni mtu, wala dirisha, wala pazia. Inaona tofauti kati ya giza na mwanga kwenye mstari mfupi wa vihisi, basi.

Mwanasayansi aliyeyachambua mambo haya kwa kina tangu zamani ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 11 aliandika Kitab al-Manazir, kitabu cha elimu ya kuona. Alikataa rai ya wale waliodhani jicho hutoa miali na kukipapasa kitu, akathibitisha kwamba kuona huanza na nuru inayotoka kwenye kitu kuja jichoni. Lakini hakuishia hapo. Alisema kwamba hisia tupu ya jicho hupokea nuru na rangi tu. Mengine yote yanayoonekana huhitaji akili kulinganisha, kukumbuka na kuhukumu, ingawa hukumu hiyo hupita upesi kiasi kwamba mtu haitambui. Aliorodhesha sifa 22 zinazoonekana, zikiwemo umbali, umbo, ukubwa, mwendo, utulivu, kivuli, kufanana, uzuri na ubaya. Tena alitofautisha kuona kwa kutupa jicho na kuona kwa kuzingatia, ambako jicho hukipitia kitu sehemu kwa sehemu huku akili ikiuliza ni nini hiki.

Orodha hiyo inafaa sana kuipimia kamera ya mwaka 1985. Nuru inaipokea. Rangi, katika sehemu ya fokasi, haijali. Umbali inaupata, na unapatikana kwa njia ambayo Ibn al-Haytham angeitambua: kwa kulinganisha, si kwa kuhisi tu. Hapa pana ukweli ambao wanaodharau mashine hawapaswi kuuruka. Sehemu ndogo ya kile alichokiita hukumu ya akili imetengwa, ikapewa kanuni, na ikafanywa na saketi kwa usahihi kuliko wengi wenye macho mazuri. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mashine inahisi na binadamu ndiye anayefikiri, maana mpaka kati yao haupiti mahali hapo tena. Kinachokosekana ni kuzingatia. Kamera inaweza kukadiria umbali wa uso wa mtoto, lakini haina sababu yoyote ya kuutaka umbali huo badala ya ule wa ukuta ulio nyuma yake.

Sababu hiyo huletwa na mtu kupitia alama mbili zinazoonekana ndogo mno kuhesabiwa kuwa na uzito wa kifalsafa: mraba ulio katikati ya kitundu cha kutazamia, na nusu ya safari ya kitufe. Mraba unaonyesha mahali pekee ambapo kamera inapima umbali. Kamera za mwanzo zilikuwa na mmoja tu, na ndani ya mraba huo wabunifu walikuwa wameweka dhana kwamba kilicho muhimu kiko katikati. Dhana hiyo ni ya uongo mara nyingi. Mchoraji yeyote anajua, na mpiga picha wa harusi anajua zaidi. Dawa yake ilikuwa kufunga fokasi: mtu anaelekeza mraba kwenye kitu alichokikusudia, anabonyeza kitufe nusu, fokasi inatulia na kubaki palepale maadamu kidole hakijainuka, kisha anasogeza kamera mpaka picha ikae anavyotaka, na kumalizia kubonyeza.

Nusu hiyo ya kitufe ndiyo mahali ambapo nia ya mpiga picha inakaa katika kamera hii, na inastahili kuchunguzwa kuliko sifa nyingine yoyote. Katika elimu ya dini ya Kiislamu nia ina nafasi iliyopimwa kwa makini. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitengea mjadala mrefu katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din. Aliiweka kati ya ujuzi na tendo: mtu hujua kitu, moyo huelekea kwacho, ndipo viungo vikatenda. Alionya kwamba maneno ya ulimi au wazo linalopita kichwani havitoshi kuitwa nia, kwa kuwa nia ni mwelekeo wenyewe wa moyo kwenda kwenye kile ulichokiona kuwa na faida. Wanafikihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huongeza sharti la wakati. Katika udhu nia huambatana na kuosha sehemu ya kwanza ya uso, na katika sala huambatana na takbira ya kufungulia. Nia inayokuja baada ya tendo kupita hailigeuzi tena.

Kupiga picha si ibada, na hukumu za ibada haziwezi kuhamishwa hivihivi. Lakini mpangilio wa fikra unasaidia. Kwa mpiga picha wa fokasi ya mkono, ujuzi, mwelekeo na tendo vilikuwa vimefungamana katika mzunguko mmoja wa pete, hata isingewezekana kuonyesha kimoja kinaishia wapi. Kamera ya otomatiki ilivitenganisha. Ujuzi wa umbali ulikwenda kwa saketi. Tendo la kuzungusha lenzi lilikwenda kwa mota. Kilichosalia mkononi ni kile cha kati, mwelekeo, nacho kikabanwa katika milimita chache za safari ya kidole. Asiyejua kwamba kidole kinaweza kusimama hapo, akabonyeza moja kwa moja hadi mwisho, bado atapata picha, na pengine nzuri. Ila kitu kilichokuwa wazi katika picha hiyo kitakuwa kile kilichotokea kuwa katikati.

Kukabidhi njia si kosa, na wala hakumwondolei mtu umiliki wa tendo. Anayemsomea karani barua ili amwandikie kwa mashine hubaki kuwa mwenye barua, hata kama hati, tahajia na bahasha vyote ni vya karani. Angeacha kuwa mwenye barua pale tu karani anapoamua iende kwa nani. Vivyo hivyo mota ya Minolta haikumnyang'anya mpiga picha chochote cha msingi kwa kuzungusha lenzi. Hatari iko katika hatua zilizofuata, ambazo viwanda vilizichukua kwa haraka katika miaka michache.

Kamera za kizazi hicho zilianza kutoa maoni. Canon EOS 10 ya 1990 ilikuja na kisomaji cha msimbopau. Mtu alifungua kitabu chenye picha za mfano, akachagua aliyoipenda, akapitisha kisomaji juu ya msimbo uliochapishwa kando yake, na kamera ikajipanga kama ilivyopangwa kwa picha ile. Minolta iliuza kadi ndogo za kuchomeka, kila moja ikiwa na mpango wa aina fulani ya picha. Dynax 7xi ya 1991 ilikwenda mbali zaidi: mtu alipoinua kamera hadi jichoni, vihisi viliutambua uso, fokasi ikaanza kabla kitufe hakijaguswa, na lenzi maalumu ya zumu ikajisogeza yenyewe hadi kwenye ukubwa wa taswira ambao kamera iliona unafaa. Nikon F5 ya 1996 ililinganisha mwanga uliopokewa na vihisi vyake 1,005 vya rangi na kumbukumbu iliyotokana na mandhari zaidi ya 30,000, ikaamua kipimo kwa mujibu wa yaliyokwisha kupigwa na wengine.

Mwanafalsafa Vilém Flusser, mzaliwa wa Prague aliyeishi miaka mingi Brazil, alikuwa ameyaona haya yakija. Kitabu chake juu ya falsafa ya upigaji picha kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1983, miaka miwili kabla ya Minolta 7000. Hoja yake ni kwamba kamera ni chombo chenye mpango ndani yake, na anayeitumia bila kuuchunguza mpango huo anatimiza yale ambayo chombo kilishayaruhusu huku akidhani anaamua. Nyuma ya chombo pana kiwanda, na nyuma ya kiwanda pana mipango mingine. Kwa Flusser, uhuru uko katika kucheza dhidi ya chombo, kukilazimisha kitoe kile ambacho hakikupangwa kutoa. Kisomaji cha msimbopau cha mwaka 1990 kinafaa kuwa kielelezo cha hoja yake kuliko mifano aliyoitumia mwenyewe, kwa sababu pale hata ladha ya picha imetangulia kuchapwa na mtu mwingine.

Kwa msomaji aliyelelewa katika elimu ya dini, jambo hili linaweza kukumbusha fundisho la kasb la Abu al-Hasan al-Ash'ari, mwanazuoni wa Basra na Baghdad aliyefariki katika karne ya 10. Akitafuta njia kati ya waliosema binadamu huumba matendo yake na waliosema binadamu hana hiari yoyote, alifundisha kwamba Mungu ndiye muumba wa tendo, na binadamu hulichuma, likawa lake kwa malipo au lawama. Inavutia kusema kwamba mpiga picha huchuma picha ambayo chombo kimeiumba. Mfano huo lakini unavunjika mahali muhimu, na ni vizuri uvunjike. Katika fundisho la al-Ash'ari, muumba wa tendo anajua kila kitu kulihusu. Kamera haijui hata kwamba kuna picha. Kinachoonekana kuwa uamuzi wake ni uamuzi wa wahandisi waliokaa mezani miaka kadhaa kabla, wakaamua kwamba kilicho karibu zaidi ndicho muhimu, au kwamba uso unapaswa kujaza sehemu fulani ya fremu. Uchaguzi haukupotea ndani ya mashine. Ulihamishwa kutoka kwa mtu aliyepo hadi kwa watu wasiokuwepo. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika historia ya kamera hizi. Mpiga picha anayekiachia chombo kichague kitu cha kutazamwa anakuwa ametii kanuni ya watu asiowajua, juu ya mtu ambaye wao hawakumwona kamwe.

Jaribio la kurudisha uchaguzi kwa mtazamaji lilikuwa la kushangaza. Canon EOS 5 ya 1992 ilikuwa na nukta tano za fokasi zilizopangwa kwa mstari, na iliweza kuchagua moja kati yake kwa kufuata mboni ya mpiga picha. Taa ndogo za infraredi zilimulika jicho, kihisi kikasoma mng'ao wake juu ya konea pamoja na mahali pa mboni, na kamera ikajua mtu anatazama wapi. Kila mtumiaji alipaswa kwanza kuifundisha kamera jicho lake. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye miwani, ilikuwa ikikosea, na kamera ikigeuzwa wima haikufanya kazi. Ilipofanya kazi ilionekana kama ndoto ya mwanafalsafa: mtu anatazama, na kinachotazamwa kinakuwa wazi.

Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, angekuwa na la kusema juu yake. Katika kitabu cha 11 cha De Trinitate, alichoandika mwanzoni mwa karne ya 5, aligawanya kuona katika mambo matatu: kitu chenyewe, taswira yake inayoundwa katika hisia, na mwelekeo wa nafsi unaolishikilia jicho juu ya kitu hicho. Cha tatu alikihesabu kuwa cha utashi. Jicho linaweza kuwa wazi, kitu kikawepo mbele yake, na nafsi ikawa kwingine. Kamera ya EOS 5 ilisoma jicho na kuliita utashi. Lakini macho ya mpiga picha huzurura kwa kazi nyingine: hukagua pembe za fremu, huangalia kama kuna waya unaopita nyuma ya kichwa, huvutwa na mng'ao wa ghafla. Mara nyingi mtu hutazama pembeni kwa sababu ameshaamua kuhusu katikati na sasa anahakikisha mengine. Chombo kilichofuata mboni kilipata cha pili cha Augustino kikidhani kimepata cha tatu. Kamera hiyo iliacha nafasi ya kuuzima mfumo huo na kuchagua nukta kwa kidole, na wengi walifanya hivyo.

Sifa nyingine inayogusa falsafa ni fokasi ya kutabiri, iliyokuwemo katika Minolta 7000i ya 1988. Kati ya kidole kumaliza kubonyeza na shata kufunguka hupita sehemu ndogo ya sekunde, kwa kuwa kioo lazima kwanza kipande juu. Mwanariadha anayekuja mbio huwa ameshasogea. Kamera hupima umbali wake mara kadhaa mfululizo, hukadiria mwendo, na kuipeleka lenzi mahali ambapo mwanariadha hajafika. Fokasi inawekwa penye utupu, kwa imani kwamba utajazwa. Mwanafalsafa David Hume, katika maandishi yake ya mwaka 1748, alionyesha kwamba hakuna hoja ya kimantiki inayothibitisha kuwa yajayo yatafanana na yaliyopita. Binadamu huamini hivyo kwa mazoea. Saketi ya 7000i ni mazoea yaliyotiwa katika hesabu. Mwanariadha akijikwaa, lenzi itakuwa wazi mahali ambapo angekuwepo.

Kwa upande huu binadamu na mashine hawatofautiani kama inavyodhaniwa. Kioo kinapopanda, kitundu cha kutazamia huwa giza. Katika kamera ya SLR, sekunde iliyoingia kwenye filamu ndiyo hasa ambayo mpiga picha hakuiona. Anaona kabla, anaona baada, na katikati anaamini. Aliyejifunza kazi hii kwa miaka mingi hubonyeza mapema kidogo, akitarajia tabasamu au teke la mpira, na utabiri wake una msingi uleule wa mazoea. Tofauti ni kwamba yeye hutabiri kwa kumjua mtu, kwamba mzee huyu hucheka baada ya kuinua nyusi, wakati saketi hutabiri kwa mfululizo wa namba za umbali.

Yote haya yanarudi kwenye lawama na sifa, ambapo Aristoteli aliuweka mjadala wa hiari katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako: mtu husifiwa au hulaumiwa kwa yale ambayo chanzo chake kimo ndani yake naye anajua anachofanya. Kamera za kizazi hiki zilikuwa na tabia inayolifanya swali liwe gumu. Katika modi ya picha moja ya Canon EOS 650 ya 1987, shata haifunguki mpaka fokasi ithibitike. Chombo kinakataa. Kukataa huko kuna msaada kwa anayeanza, lakini kumebeba hukumu kwamba picha isiyo wazi ni kosa, wakati mtu anaweza kuwa amekusudia mwendo ufifie au uso usitambulike, pengine kwa kumhifadhi mwenye uso huo. Aliyepata picha safi ya mtu aliyeomba asipigwe hawezi kujitetea kwamba kamera ndiyo iliyomchagua. Alijua mraba uko wapi. Na anayesifiwa kwa ukali wa fokasi ya kope katika picha iliyopigwa kwa nukta iliyochaguliwa na kamera anapaswa kupokea sifa hiyo kwa kiasi, kama anajali ukweli.

Wapiga picha wenyewe walitoa jibu lao kwa njia ya soko. Zumu iliyojisogeza ya 7xi haikupendwa, na Minolta iliiacha. Mwaka 1995 kampuni hiyohiyo ilitoa Dynax 600si, kamera ya fokasi otomatiki iliyorudisha vifundo vya kuzungusha, kila kimoja kikiwa na kazi yake iliyoandikwa juu, badala ya vitufe na skrini. Mota ilibaki, saketi ilibaki, fokasi ilikuwa ya haraka kuliko ya 1985. Kilichorudi ni uwezo wa mtu kutupa jicho juu ya kamera na kuona yeye mwenyewe ameamua nini. Swichi ya kuzima fokasi otomatiki ilikuwa imebaki kwenye kamera hizi tangu Minolta 7000 yenyewe, na kuwepo kwake kuna maana hata pale isipoguswa, kwa kuwa anayeweza kukataa msaada na asikatae ameukubali.

Filamu inaongeza sharti moja la mwisho. Mkanda wa kawaida una picha 36, na hakuna kati yake inayoweza kutazamwa kabla haijasafishwa. Nia lazima ikamilike bila kusahihishwa na matokeo. Mtu hawezi kupiga, akaangalia, kisha akaamua alikuwa anakusudia nini. Siku kadhaa baadaye, hasi zinapowekwa juu ya meza yenye mwanga, kioo cha kukuzia kinaonyesha wazi lenzi ilisimama kwenye umbali gani katika kila fremu. Nyingine zitakuwa wazi pasipokusudiwa, na nyingine zitakuwa zimefifia ingawa mkono na moyo vilielekea panapostahili. Anayezipima kama ushahidi atazihukumu kwa kilichoonekana. Anayezipima kama matendo atahitaji kumuuliza aliyepiga kidole chake kilisimama wapi, na atalazimika kutegemea ukweli wa jibu lake, kwa sababu hasi haikuandika hilo.